Nyayo za Laetoli: alama kwenye majivu inasemaje habari za goti? Na jaribio gani la mchanga linafaa darasani?

mwl_kidato1

Wakuu, habari za jioni. Nipo kwenye mada ya chimbuko la binadamu na wanafunzi wamenibana kwa maswali ambayo kitabu cha kiada hakiyagusi. Kitabu kinasema nyayo za Laetoli zinathibitisha kwamba zamadamu walitembea kwa miguu miwili, kisha kinahamia kwenye zana za mawe. Wao wanauliza:

1. Alama iliyobaki kwenye majivu ya volkano inawezaje kutuambia goti lilikaaje, wakati goti lenyewe halipo?
2. Ni nyayo za Zinjanthropus?
3. Kwa nini zimefukiwa? Tusiende tukazione?

Nataka pia kuwafanyisha jaribio uwanjani, wapite kwenye mchanga na kupima. Mbao zipo, mchanga upo, futi kamba na rula zipo. Mwenye utaratibu unaoeleweka anisaidie. Sitaki mchezo wa kukanyagakanyaga, nataka namba zitakazosimama karibu na za Laetoli.

Tabaka_la_Saba

Mwalimu, nianze na la pili, ni fupi. Hapana. Zinjanthropus, ambaye siku hizi wataalamu humwita Paranthropus boisei, fuvu lake lilipatikana Olduvai mwaka 1959 na lina umri wa takriban miaka milioni 1.8. Nyayo za Laetoli zina miaka milioni 3.66. Wanachanganywa kwa sababu sehemu zote mbili ziko Ngorongoro, zimeachana kilomita 45 hivi, na jina la mtafiti Mary Leakey linatajwa kote kuwili. Anayehusishwa na nyayo ni Australopithecus afarensis, maana mifupa yake imetoka palepale Laetoli. Taya linaloitwa LH 4, lililopatikana 1974, ndilo kielelezo rasmi cha spishi hiyo. Lucy, mifupa ya spishi hiyohiyo kutoka Ethiopia, ndiye maarufu, lakini jina la spishi limefungwa kwenye taya la Tanzania. Wanafunzi wako wangefurahi kulijua hilo.

Sasa la goti. Waambie kwanza unyayo si picha ya mguu. Ni matokeo ya vitu vitatu vilivyokutana: umbo la wayo, namna uzito ulivyopita juu yake, na hali ya ardhi wakati huo. Ukitaka kusema lolote kuhusu kimoja, lazima uwe umevidhibiti hivyo vingine viwili.

Umbo ndilo rahisi. Nyayo za eneo G la Laetoli, zilizogunduliwa 1978, zinaonyesha dole gumba limelala sambamba na vidole vingine. Kwa sokwe dole hilo limechomoza pembeni, kwa ajili ya kushika tawi. Kisigino kimeingia chini vizuri, na uzito unaonekana umepita upande wa nje wa wayo kabla ya kurudi kwenye kitako cha dole gumba, yaani sehemu nene nyuma ya dole hilo, na kusukuma mbele. Hapo hakuna alama za viganja. Mnyama wa miguu minne anayesimama mara mojamoja haachi mfululizo wa namna hiyo kwa zaidi ya mita 20.

Goti linasomwa kwa kina cha alama. Ukitembea umekunja magoti na nyonga, kama sokwe anavyofanya akisimama, uzito unakaa muda mrefu zaidi sehemu ya mbele ya wayo, hivyo vidole vinazama kuliko kisigino. Ukitembea umenyooka, tofauti hiyo inapungua. Mwaka 2010 timu ya David Raichlen iliwapitisha watu kwenye mchanga laini kwa mitindo yote miwili, ikapima vina, ikalinganisha na Laetoli. Nyayo za Laetoli ziliangukia upande wa wanaotembea wamenyooka.

Ila usiishie hapo, utawadanganya. Mwaka 2016 timu ya Kevin Hatala ilirudia ulinganisho kwa kutumia nyayo za watu waliozoea kutembea pekupeku na za sokwe pia. Walikuta nyayo za Laetoli haziko sawa kabisa na za kundi lolote kati ya hayo mawili. Maelezo yao ni kwamba mguu ulikuwa umekunjika kidogo zaidi ya wetu pale kisigino kinapogusa chini. Kwa maoni yangu hizi tafiti mbili hazigombani sana. Ya kwanza iliuliza kama walitembea kama sokwe aliyesimama, jibu likawa hapana. Ya pili iliuliza kama walitembea sawasawa na sisi, jibu likawa karibu, bado.

Na kitabu kinachoruka moja kwa moja kwenda kwenye zana kinaficha jambo kubwa. Ubongo wa afarensis ulikuwa na ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 400 na 500 hivi, karibu na wa sokwe. Zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, za Lomekwi nchini Kenya, zina miaka milioni 3.3. Kutembea wima kulitangulia ubongo mkubwa, na kumetangulia zana tulizokwisha kuzipata. Picha ile ya ukutani inayoonyesha mambo yote yakikua pamoja hatua kwa hatua, itoeni.

Fundi_Mchanga

Jaribio linawezekana vizuri kwa vifaa ulivyonavyo. Utaratibu ni huu.

Sanduku: urefu mita 5, upana sentimita 60, kina sentimita 10. Mbao za pembeni zisimame kwenye ardhi iliyosawazishwa, chini utandike turubai. Ukifanya kina sentimita 5, kisigino kitagonga ardhi ngumu na vipimo vyote vitafanana, mtadhani mmegundua kitu kumbe mmegundua sakafu.

Mchanga: ule laini wa plasta, uliochekechwa. Wa zege una kokoto na haushiki vidole. Utahitaji kama lita 300, yaani toroli tano za kawaida au ndoo kumi na tano za lita 20.

Maji: lita moja na nusu kwa kila ndoo ya mchanga mkavu, mchanganye pembeni kwa koleo ndipo mmwage sandukuni. Kipimo cha mkono: finya konzi ya mchanga, ifungue. Ukibaki na umbo na maji hayachuruziki, sawa. Ukimomonyoka, ongeza. Ukiachia unyevu unaong'aa kiganjani, umezidisha.

Sawazisha kwa ubao ulionyooka unaokaa juu ya kingo mbili za sanduku, uuvute kama fundi anavyovuta plasta. Rudia kila baada ya mtu kupita. Mkiruka hatua hii, mtu wa tatu atakuwa anatembea juu ya mashimo ya wa kwanza.

Kutembea: mwanafunzi pekupeku aanze mita 2 nje ya sanduku ili aingie akiwa na mwendo wake wa kawaida, na atoke upande wa pili bila kupunguza. Aangalie alama ukutani, asiangalie miguu. Ukimwacha aangalie chini, atatembea kwa madoido. Kisha mchanga usawazishwe, apite tena akiwa amekunja magoti na nyonga, kichwa kikibaki kimo kilekile mwanzo hadi mwisho. Mtu yuleyule kwa mitindo yote miwili, huo ndio ufunguo. Ukilinganisha mtu na mtu, tofauti za uzito na umbo la miguu zitafunika unachokitafuta.

Kupima kina: laza ubao ulionyooka juu ya kingo, juu ya unyayo husika. Chukua rula, shusha wima kutoka ubaoni hadi mchanga ambao haujakanyagwa, andika. Shusha tena hadi sehemu ya chini kabisa ya kisigino, kisha kitako cha dole gumba, kisha dole gumba lenyewe. Toa kipimo cha kwanza katika kila kimoja. Gawanya kina cha dole kwa kina cha kisigino. Acha unyayo wa kwanza na wa mwisho, tumia wa katikati, angalau wanne kwa kila mtindo, mtafute wastani.

Rula nyingi za shule zina kipande kitupu kabla ya sifuri. Kikateni au mkiondoe kwenye hesabu. Milimita 4 za rula ni kosa kubwa pale ambapo unyayo wenyewe una kina cha milimita 20.

Vipimo vingine: urefu wa unyayo kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, hatua, kutoka kisigino cha kushoto hadi kisigino cha kulia, na hatua kamili, kutoka kisigino cha kushoto hadi kisigino cha kushoto kinachofuata. Vijana huzichanganya hizi mbili za mwisho na matokeo yanatoka mara mbili ya ukweli.

Pekupeku

Niongeze kwenye urefu wa unyayo, maana ndiko watu wanakokosea kukisia kimo.

Waambie kila mmoja apime wayo wake na kimo chake, agawanye. Wengi watapata karibu 0.15, yaani wayo ni asilimia 15 ya kimo. Sasa wakichukua unyayo wa G1, mmoja wa waliopita eneo G, wenye wastani wa sentimita 18, wakagawanya kwa 0.15, watapata sentimita 120. Kosa. Afarensis alikuwa na wayo mrefu kiasi ukilinganisha na kimo chake, kati ya 0.155 na 0.162 kwa makadirio yanayotumika. Hapo G1 anashuka hadi sentimita 111 mpaka 116.

Kisha wape nyayo za S1. Hizi ni za eneo S, mita 150 hivi kusini mwa G, zilizofukuliwa 2015 na timu ya Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Italia, zikachapishwa 2016. Zilionekana wakati wakichimba mashimo ya tathmini kabla ya ujenzi wa makumbusho uliokuwa umependekezwa. Wastani wa unyayo wa S1 ni sentimita 26. Gawanya kwa uwiano uleule: takriban sentimita 161 hadi 168. Kwenye tabaka moja, wakielekea upande mmoja, mmoja ana kimo cha mtoto wa darasa la kwanza au la pili na mwingine kimo cha mtu mzima wa leo. Ndiyo maana wagunduzi walisema huenda madume walikuwa wakubwa sana kuliko majike. Ni hoja nzuri, lakini nyayo zenyewe hazina jinsia, na S1 ni mmoja tu.

Hapohapo naomba tuzike ile hadithi ya baba, mama na mtoto. Eneo G lina watu watatu: G1 peke yake upande mmoja, na G2 na G3 upande wa pili, ambapo G3 alikanyaga ndani ya nyayo za G2. Kwa sababu hiyo nyayo za G2 zimeharibika na vipimo vyake havina uhakika kama vya G1. Kwamba walikuwa familia, au kwamba mmoja alibeba mtoto, hakuna kipimo kinachoonyesha. Mchoro wa makumbusho si ushahidi.

Kuna na eneo A, ambalo vitabu vingi havilitaji. Nyayo tano mfululizo, fupi na pana, zilionekana 1976, kabla ya zile za G. Mguu mmoja unavuka mbele ya mwingine, kama mtu anayepita kwenye mti ulioanguka mtoni. Ilisemwa huenda ni dubu aliyesimama, zikawekwa kando miaka mingi. Mwaka 2019 zikafukuliwa upya, na 2021 timu ya Ellison McNutt ikachapisha ulinganisho wake na dubu, sokwe na watu. Walipitia video za dubu wa porini kwa zaidi ya saa 50 na kukuta dubu akitembea kwa miguu miwili ni chini ya asilimia 1 ya muda. Tena kati ya visukuku vyote vya wanyama vya Laetoli hakuna dubu. Wao wanasema ni zamadamu, na pengine wa spishi nyingine tofauti na ya G. Nusu ya kwanza naikubali bila shida. Ya pili inaegemea nyayo tano tu, ningengoja.

mwl_kidato1

Nashukuru sana wakuu. Kabla sijawaingiza darasa zima, tumejaribu na vijana wanne. Wawili kati yao uwiano wa dole kwa kisigino haubadiliki, awe amenyooka au amekunja magoti. Tatizo liko wapi?

Fundi_Mchanga

Mwalimu, angalia vitu hivi kwa mpangilio huu.

Kwanza kichwa. Kijana aliyeambiwa akunje magoti huyakunja anapoanza, akifika katikati ya sanduku amenyooka. Funga kamba juu ya sanduku, sentimita 10 chini ya kimo chake, apite bila kuigusa.

Pili unyevu. Mchanga ukizidi maji, wayo ukitoka unanyonya na kuta za unyayo zinarudi ndani, kina kinachobaki ni cha uongo. Utaona dole gumba limezibika nusu. Ukiwa mkavu mno, kingo zinaporomoka na kujaza kisigino. Unyayo mzuri una kingo kali na unaweza kuona mpaka kati ya dole gumba na la pili.

Tatu, unapima wapi. Vidole vinaposukuma kurudi nyuma huacha kichuguu cha mchanga kati ya vidole na kitako. Rula ikitua juu ya kichuguu, umepima kilichosukumwa, hujapima kilichozama. Tafuta shimo la dole lenyewe. Na usifagie mchanga uliodondokea ndani kwa vidole vyako. Puliza kwa mrija wa soda au acha.

Nne, mwendo. Aliyekunja magoti hupunguza mwendo, na mwendo nao hubadilisha kina. Mpe mdundo wa kupiga makofi, mitindo yote miwili iende kwa kasi moja.

Yakirekebishwa hayo na bado mmoja haonyeshi tofauti, mwache kwenye jedwali kama alivyo. Watu hawatembei sawa. Darasa liione hiyo kwenye wastani, msimfute.

Chini_ya_Mawe

Swali la tatu bado halijajibiwa. Zimefukiwa kwa sababu kuziacha wazi ni kuzipoteza. Tabaka lenyewe ni majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua ya rasharasha, hata vishimo vya matone vinaonekana, kisha yakashikana kwa chumvi za kaboneti na kufunikwa na majivu mengine. Si jiwe gumu kama basalti. Pale lilipoachwa wazi linamomonyoka kwa mvua, linapasuka kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na mifugo na wanyamapori wanapita.

Volkano inayotajwa vitabuni ni Satiman, kilomita 20 hivi mashariki. Uchambuzi wa madini uliochapishwa 2011 uliitilia shaka, kwa hiyo darasani sema "volkano ya jirani" ukiwa salama.

Ufukiaji wa kwanza, 1979, ulitumia mchanga wa mtoni ambao haukuchekechwa, na juu yake mawe ya volkano. Mchanga ule ulibeba mbegu za migunga. Mawe yalilinda mbegu zisiliwe na yakatunza unyevu, miti ikaota juu ya nyayo, mizizi ikashuka hadi kwenye tabaka. Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty zikaingia kazini miaka ya 1990: miti iliuawa kwanza ikiwa palepale, bila kung'olewa, maana kung'oa mzizi ni kung'oa tabaka. Ufukuaji ukafanyika kwa awamu mbili, 1995 na 1996. Mizizi ilikatwa vipande vipande na kuondolewa, nyayo zikapigwa picha na kupimwa upya, zikafukiwa tena. Safari hii mchanga ulichekechwa, ukatandazwa kwa tabaka zilizotenganishwa na vitambaa maalumu vinavyopitisha maji na hewa, na kati yake kitambaa chenye vidonge vinavyotoa dawa ya kuzuia mizizi polepole. Juu kabisa udongo na mawe. Dawa hiyo ina kikomo, kwa hiyo kazi ya kung'oa miche inayoota juu haina likizo.

Sehemu ndogo ilifunguliwa 2011 wakati Rais Kikwete alipotembelea, ikafunikwa tena. Wanafunzi wakija Ngorongoro, wapeleke makumbusho ya Olduvai kwenye nakala ya nyayo hizo. Kwa kupima, nakala inatosha kabisa. Taa ya simu iliyoshikwa chini, pembeni, itawaonyesha kina kuliko mwanga wa juu.

Tabaka_la_Saba

Jambo la mwisho, kwa wale waliouliza Zinjanthropus. Novemba 2024 ilichapishwa taarifa ya nyayo za Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, zenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Tope moja, aina mbili za nyayo, zilizoachwa ndani ya saa chache au siku chache. Moja inafanana na yetu, imehusishwa na Homo erectus. Nyingine, mfululizo wa nyayo kama kumi na mbili za mtu mmoja, ni bapa zaidi na dole gumba lake linaonekana kuchezacheza pembeni kutoka hatua moja hadi nyingine. Hizo wamezihusisha na Paranthropus boisei, spishi ya Zinjanthropus. Pembe ya dole hilo waipime na wao: nyosha uzi kutoka katikati ya kisigino hadi kidole cha pili, kisha protrakta kwenye mstari wa dole gumba, wafanye kwa kila unyayo na si mmoja tu, halafu waangalie namba zinavyotawanyika.

mwl_kidato1

Protrakta ya ubaoni au ndogo?

Fundi_Mchanga

Ndogo ya plastiki inayoonyesha upande wa pili. Ya ubaoni itabomoa kingo.